Tiketi, Maegesho na Malazi: Msamiati wa Safari ya Mpirani

Mkazi wa Kihonda, Morogoro, anayetaka kutazama pambano la Simba na Yanga kwa macho yake hulazimika kupanga mambo matatu kabla ya kuondoka nyumbani: ruhusa ya kuingia uwanjani, mahali pa kuweka chombo chake cha usafiri, na mahali pa kulala iwapo mchezo utakwisha usiku. Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000 na uliofunguliwa mwaka 2007, uko Dar es Salaam, nyuma ya kilomita karibu 200 za barabara. Kila jambo kati ya hayo lina neno lake, na kila neno lina mtego wake. Makala haya yanaeleza maneno hayo kwa manufaa ya wanafunzi, walimu na wafasiri, kwa sababu katika matini za safari kosa dogo la neno humgharimu msomaji nauli na siku nzima.

Tiketi, tikiti na kiingilio

*Tiketi* ni hati au kadi inayompa mtu haki ya kusafiri au kuingia mahali. Iko katika ngeli ya I-/ZI-: tiketi hii, tiketi hizi. *Tikiti* ni tunda, nalo liko katika ngeli ya LI-/YA-: tikiti hili, matikiti haya. Hata hivyo, wako waandishi, hasa nchini Kenya, wanaoandika *tikiti* kwa maana ya hati ya kuingilia. Hapo upatanisho wa kisarufi ndio unaookoa maana: "Nimenunua tikiti hii" ni hati, "Nimenunua tikiti hili" ni tunda. Mfasiri anayeandikia wasomaji wa Tanzania na ashike *tiketi*.

Kitenzi kinachoandamana na neno hili ni *kata*. Kukata tiketi ni kuinunua, wala hakuna mkasi unaohusika. "Kata tiketi mapema" ni Kiswahili cha kila siku. "Nunua tiketi" si kosa, ila hakina ladha ileile.

*Kiingilio* (KI-/VI-) ni malipo ya kuingia, si karatasi. Kwa hiyo husemwa "kiingilio cha mzunguko ni nafuu kuliko cha jukwaa kuu", bali "tiketi yangu imepotea". Anayeandika "kiingilio changu kimepotea" anamwambia msomaji kwamba fedha ndizo zilizopotea. Tofauti hii inazidi kuwa muhimu sasa ambapo mashabiki hulipa kwa simu na kupita langoni kwa kadi: kiingilio kimelipwa, lakini karatasi haipo.

Maegesho

Neno hili linatokana na kitenzi *egesha*, ambacho ni cha mabaharia: kuegesha chombo ni kukileta kando ya gati au ufuko ili kitulie. Gari lilipokuja, lugha haikuhitaji neno jipya. Ilipandisha lile la majini hadi nchi kavu. *Maegesho* ni mahali pa kuegeshea, na huchukua upatanisho wa YA-: maegesho yamejaa, maegesho haya ni ya wageni. Katika mazungumzo wengi husema *kupaki*. Kibao, tangazo na tafsiri rasmi vistahili *egesha* na *maegesho*.

Tahadhari moja: *egesha* huonyesha kwamba dereva ataliacha gari pale kwa muda. Dereva wa daladala anayesimama Msamvu kushusha abiria hakuegesha; *amesimama* tu. Tangazo lisemalo "Usiegeshe" halimkatazi mtu kushusha abiria, ila lile lisemalo "Usisimame" linamkataza.

Malazi, na kufikia

*Malazi* hutokana na *lala*. Ni mahali pa kulala pamoja na huduma zake, na mara nyingi huandamana na mwenzake: chakula na malazi. Upatanisho ni wa YA-: malazi mazuri, malazi yamepatikana. Kosa linalochekesha na kuumiza ni kuchanganya *malazi* na *maradhi*, yaani magonjwa. Nyumba ya wageni inayojitangaza kwamba inatoa "maradhi nafuu" haitapata mteja msomi.

Neno *hoteli* nalo lina mtego. Katika mtaa wa kawaida wa Morogoro, hoteli yaweza kuwa mahali pa chai na chapati pasipo hata kitanda kimoja. Anayetaka kulala aulizie *gesti* au *nyumba ya kulala wageni*. Tena, *chumba cha watu wawili* si lazima kiwe *chumba cha vitanda viwili*. Mfasiri aeleze kipi kinakusudiwa.

Kiswahili kina pia kitenzi kizuri kwa jambo hili: *fikia*. "Utafikia wapi?" haimaanishi utafika mji gani, bali utakaa kwa nani au wapi ukiwa mgeni. Jibu huwa "nitafikia kwa shangazi" au "nitafikia gesti". Wengi wanaojifunza lugha hujibu jina la mji, na muulizaji hubaki hajajibiwa.

Saa na usiku

Hapa ndipo makosa yanapogharimu zaidi. Mchezo uliopangwa 19:00 ni wa *saa 1:00 usiku*. Anayeufasiri kuwa "saa 7:00 usiku" amempeleka shabiki uwanjani baada ya usiku wa manane. Kanuni ni hii: kuanzia 07:00 hadi 18:00 toa 6, kuanzia 19:00 hadi 24:00 toa 18, kuanzia 01:00 hadi 06:00 jumlisha 6.

*Saa* pia hutaja muda na wakati kwa umbo lilelile. Treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, huchukua takribani saa mbili. Lakini "treni ni saa mbili" yaweza kueleweka kuwa inaondoka saa 2:00. Andika "mwendo wa saa mbili" kwa muda, na "saa 2:00 asubuhi" kwa wakati. Wengine huepa utata huo kwa kusema *masaa mawili*. Umbo hili limeenea katika mazungumzo, ingawa walimu wa Kiswahili sanifu hulikosoa.

Mwisho, "usiku wa Jumamosi". Kwa desturi ya pwani, siku huanza jua likichwa, hivyo usiku huo ni ule unaotangulia mchana wa Jumamosi. Kwa wengine ni ule unaoufuata. Anayeagiza chumba asitumie maneno hayo. Aandike "Jumamosi usiku", au "usiku wa kuamkia Jumapili".

Mfano

"Kata tiketi ya treni mapema. Mchezo ni saa 1:00 usiku, Jumamosi. Uwe langoni kabla ya saa 11:00 jioni. Ukienda kwa gari, uliza kwanza yalipo maegesho. Kama huna pa kufikia, tafuta malazi ya usiku wa kuamkia Jumapili."