Koplo Avua Magwanda, Ashika Spana Upya

Ndugu zetu wengi wanaokaribia kustaafu huniuliza swali moja: je, ufundi wa magari nilioupata jeshini utanilisha uraiani? Kwa kuwa kazi yangu ni kalamu wala si spana, niliona si vyema kuwajibu kwa maneno matupu. Nikashika njia hadi eneo la viwanda mjini Kampala, kumtazama koplo mmoja mstaafu ambaye zamani tulikuwa naye kambi moja. Jina lake na la mwajiri wake ninayahifadhi, kwa ombi lake mwenyewe.

Koplo huyo alikuwa fundi wa jeshi kwa miaka 14. Sasa ana miezi tisa katika karakana ya kampuni inayouza magari mapya, naye ni fundi wa daraja la chini kabisa. Nilimkuta amesimama chini ya pikapu iliyoinuliwa juu, ovaroli imemkaa kama magwanda, akingoja oili chafu imalizike kudondoka.

“Jambo, afande,” alinisalimu bila kuondoa macho kwenye sampo.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba anayeingia kampuni kama ile akidhani kesho yake atakabidhiwa injini aifungue, atangoja sana. Miezi ya kwanza ni ya kufagia, kubadili tairi, kumwaga oili na kuandaa magari mapya kabla hayajakabidhiwa wanunuzi. Kazi hii ya mwisho raia wengi hawaijui, nami pia sikuijua. Gari lililovuka bahari na kupitia Mombasa hufika likiwa limeandaliwa kwa safari ya meli, si kwa barabara. Tairi zimejazwa upepo kupita kiasi ili zisibonyee upande mmoja kwa kusimama majuma mengi. Baadhi ya magari hupachikwa vizuizi penye springi ili yasiyumbe, na mengine hutolewa fyuzi ili betri isiishe. Fundi mgeni ndiye anayeondoa vizuizi, anayerudisha fyuzi, na anayepunguza upepo hadi kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko kando ya mlango wa dereva. Akisahau, mnunuzi ataondoka na gari jipya linalorukaruka kama punda.

Hata kumwaga oili kuna elimu yake. Boliti ya sampo ikikazwa mno, uzi wake hukatika. Ikiachwa imelegea, oili humwagika njiani na injini hufa. Filta mpya hupakwa oili safi kwenye mpira wake na kukazwa kwa mkono. Lakini kwanza fundi hutazama kama mpira wa filta ya zamani umetoka pamoja na filta yake, maana ukibaki umeganda pale na mwingine ukawekwa juu yake, injini ikiwashwa oili hububujika yote chini. Tena oili isizidi alama ya juu ya kijiti, kwani hupigwa na krankshafti ikatoka povu, na povu halilainishi chuma.

Nilimwuliza kama hayo yote hakuyajua jeshini. Akacheka. “Niliyajua, afande. Ila jeshini gari likikwama porini na linatakiwa alfajiri, fundi hodari ni yule atakayeliwasha, hata kwa waya na kipande cha mpira. Hapa waya na mpira vinakufukuzisha kazi. Hapa kuna kitabu, na kuna kadi.”

Kadi hiyo ndiyo roho ya karakana. Kila gari lina kadi yake ya kazi, na kila kazi iliyofanyika hutiwa sahihi na aliyeifanya. Koplo aliniambia, pasipo kuficha, jinsi kadi ilivyomfundisha adabu katika juma lake la tatu. Ilikuwa jioni, magari manne yanangojewa na wenyewe. Alikuwa amerudisha gurudumu la mbele na kuzungusha nati kwa mkono, akaitwa kusaidia kusukuma gari lililozimika langoni. Aliporudi aliliteremsha gari, akatia sahihi. Mwenye gari alishika barabara ya Jinja, na alipokaribia Mukono akasikia mgongano chini ya miguu yake. Kwa bahati alisimama upesi. Nati mbili zilikuwa zimekwisha kuanguka.

Asubuhi yake fomani aliuliza mbele ya mafundi wote: “Nani alifunga gurudumu hili?” Fomani huyo ni binti wa miaka 24. Koplo ana miaka 38, na jeshini aliongoza watu. Ni kweli sahihi yake ilikuwa kwenye kadi, lakini kadi ilikuwa bado mezani, haijafunguliwa. Akapiga hatua mbele, akasema, “Ni mimi, Fundi.”

Alipewa onyo la maandishi, na gharama ya boliti zilizoharibika ikakatwa katika mshahara wake, ambao tangu hapo ulikuwa mdogo. Makato hayo mimi sikuyaafiki, na nilimwambia hivyo. Mtu aliyesema kweli kabla ya kubanwa hastahili kulipishwa sawa na aliyejificha. Yeye hakulalamika. Kilichomchoma, asema, ni kwamba kwa miezi miwili binti yule alikagua kila gurudumu alilolifunga, naye akisimama kando kama kuruta.

Sasa ana desturi zake. Nati hukazwa kwa kuvuka, moja huku na nyingine upande wa pili, kisha humaliziwa kwa spana ya kupimia nguvu. Kila iliyomalizika huipiga alama ya chaki. Akiitwa katikati ya kazi, huacha spana ikining’inia kwenye gurudumu, ili mtu yeyote apitaye, hata yeye mwenyewe, aone kuwa kazi haijakwisha.

Binti humwita Mzee, naye humwita Fundi, na wameelewana. Jioni humfundisha mambo ambayo karakana ya zamani hayakuwamo: mashine ya kuisoma kompyuta ya gari, nyaya nene za rangi ya machungwa katika magari yanayotumia petroli pamoja na umeme, ambazo zina umeme wa kuua, na mifuko ya hewa ya kumkinga dereva. Kwa mifuko hiyo vitabu vya Toyota huagiza kwamba waya hasi wa betri ukishatolewa, fundi angoje angalau sekunde 90 kabla ya kugusa, kwa maana umeme uliohifadhiwa ndani yake hauishi papo hapo.

Kizuizi kilichobaki ni karatasi. Alipoomba kazi alileta barua ya kamanda wake, nzuri sana, iliyosifu utiifu wake. Meneja aliisoma, akauliza cheti cha ufundi kiko wapi. Hakikuwapo, kwa kuwa katika miaka 14 hakuna aliyemwambia afanye mtihani wa ufundi wa serikali, ilhali muda alikuwa nao na mikono alikuwa nayo. Binti alitoka Chuo cha Ufundi cha Nakawa, kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa msaada wa Japani, na cheti chake ndicho kilichompandisha upesi. Koplo sasa anajiandaa kwa mtihani huo usiku, baada ya watoto kulala. Wewe uliye bado kambini, uliza habari za mtihani huo kabla hujaikabidhi bunduki.

Nilipokuwa naaga alinisindikiza hadi kwenye gari langu, spana ya kupimia mkononi, akalizunguka bila kuniomba ruhusa. Gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, nati moja ilizunguka karibu robo kabla spana haijalia.

“Nani alifunga hili, afande?”

Lilipata pancha Jumapili, njiani. Nililifunga mimi.