Paka Hajitegemei Kama Tunavyodhani

Wengi wanaochukua paka hawakuanza kwa kutaka paka. Walianza kwa kuchoshwa na panya. Unga umetobolewa, sabuni imetafunwa, na kuna mtu mtaani ambaye paka wake amezaa. Kitoto kinaletwa ndani ya boksi, na hesabu inaishia hapo, kwa kuwa tumezoea kuamini kwamba mbwa ndiye wa kutunzwa, paka hujitafutia. Imani hiyo ndiyo ninayoipinga. Aliye tayari kufuga paka si lazima awe anawapenda mno. Ni yule aliyekwisha kukubali kwamba mnyama huyu atamtegemea yeye, pengine kwa miaka 15.

Tuanze na hao panya. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Brooklyn, New York, ambako kamera zilitegwa kwenye kiwanda cha kuchakata taka kilichojaa panya wakubwa na paka wasio na mwenyewe. Kwa siku 79 paka hao walionekana wakinyemelea panya mara 20 hivi, na waliowaua walikuwa wawili tu. Panya nao walizidi kujificha. Panya mdogo wa nyumbani paka anammudu. Panya buku ni habari nyingine. Kwa hiyo anayemnyima paka chakula ili awe mkali anajidanganya, maana paka huwinda hata akiwa ameshiba, na akiwa na njaa huishia jalalani, au kula panya aliyekula sumu.

Chakula chenyewe kina masharti. Mwili wa paka hauwezi kujitengenezea vya kutosha kirutubisho kiitwacho taurini, kilichomo katika nyama na samaki. Akikikosa kwa muda mrefu moyo hudhoofika na macho hupofuka. Ugali uliolowekwa maziwa unajaza tumbo tu. Dagaa wanafaa, na hupatikana hadi gengeni, ila taurini huyeyukia majini, hivyo ukiwachemsha usimwage supu yake. Makombo ya mchuzi tunayomwekea kwa nia njema yana vitunguu, ambavyo huharibu damu yake. Akiugua, usimpe dawa ya binadamu: kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua.

Paka jike ndiye mtihani mkubwa zaidi. Hubeba mimba kwa wiki tisa hivi, anaweza kuipata akiwa na miezi mitano au hata minne, na anaweza kuipata tena kabla hajawaachisha watoto aliowazaa. Asiyepanga kumpeleka kwa daktari wa mifugo afungwe kizazi amekwisha kuamua, hata kama hajui, kwamba kuna siku atatafuta kiroba cha kuwatupia watoto sokoni usiku. Safari hiyohiyo ndiyo ya kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao, licha ya jina lake, paka naye huupata na kumwambukiza mtu.

Kuna watakaosema babu zetu walifuga paka bila daktari wala hesabu hizi. Ni kweli, ila paka wale walikuwa na shamba, ghala na vichaka vya kuwindia, na waliokufa wadogo hakuna aliyewahesabu. Wengine watakumbusha hadithi mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, asimlishe wala asimwachie ale wadudu wa ardhini. Basi, watasema, kumwachia kunatosha. Lakini ruhusa hiyo ina maana pale ambapo hao wadudu wapo. Chumba cha ghorofa ya nne Kariakoo hakina wadudu wa kumlisha, na barabara iliyo chini ina bodaboda. Anayemfuga humo amebakiwa na wajibu mmoja tu, wa kumlisha.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni kwamba masharti haya yatawaachia paka matajiri. Silioni hivyo. Kufunga kizazi na chanjo ni gharama kweli, na anayeijua mapema anaweza kuiwekea akiba. Yaliyobaki yanadai kuwepo nyumbani kuliko fedha. Beseni la mchanga, kwa mfano, linataka kuondolewa kinyesi kila siku, kwa sababu vijidudu vya toksoplasma vinavyoweza kuwamo huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo. Mama anayeuza genge mlangoni kwake, aliyekwisha kuzungumza na mwenye nyumba na kupata mtu wa kumshikia akienda msibani, yuko tayari kuliko mwenye jumba anayesafiri kila wiki na kumwachia mlinzi paka pamoja na funguo.