Kuosha Mboga Hakuondoi Dawa Yote

Wengi wetu twaamini kwamba sukuma wiki ikioshwa vyema, dawa iliyonyunyizwa shambani huisha. Ukweli ni kwamba kuosha huondoa sehemu tu ya dawa hiyo.

Dawa za kuua wadudu ni za aina mbili. Kuna zile zinazobaki juu ya jani, na hizi hupungua mboga ikisuguliwa kwa maji. Nyingine, kama vile imidaklopridi, hufyonzwa na mizizi na kupanda pamoja na maji. Majani huyatoa maji hayo hewani kama mvuke kupitia vitundu vidogo, lakini dawa hubaki nyuma. Ndiyo sababu jani la sukuma wiki laweza kukusanya dawa nyingi kuliko tunda la nyanya.

Kama mwili wa binadamu, mmea nao huongozwa na homoni. Ukikosa maji, homoni iitwayo asidi ya absisiki huvifunga vile vitundu na safari ya maji hupungua. Kuna pia homoni ziitwazo brasinosteroidi. Ya kwanza kutambuliwa, mwaka wa 1979, ilitolewa katika chavua ya mmea wa jamii moja na kabeji na sukuma wiki. Homoni hizi huamsha vimeng'enya vinavyovunjavunja sumu ndani ya mmea, kazi inayofanana na ile ya ini letu.

Mwaka wa 2009, wanasayansi nchini Uchina walieleza kwamba mimea ya matango iliyopewa homoni hiyo huivunja dawa upesi zaidi. Mwaka wa 2015 waliripoti kuwa katika nyanya, mpunga, chai na mazao mengine yaliyopewa homoni hizi, masalio ya dawa yalipungua kwa asilimia 30 hadi 70.

Hata hivyo, kupungua si kwisha. Mmea huhitaji muda wa kujisafisha, na ndiyo maana kibandiko cha dawa hutaja idadi ya siku za kungoja kabla ya kuvuna. Mkulima akinyunyiza leo jioni na kuvuna kesho alfajiri, mmea haujapata nafasi hiyo, na dawa hufika mezani kwako. Watoto ndio walio hatarini zaidi, kwani miili yao ni midogo na bado inakua.

Je, tuache mboga? La hasha! Faida zake kwa moyo, damu na matumbo ni kubwa mno. Fanya hivi:

• Osha mboga kwa maji yanayotiririka kabla ya kuikatakata. Usitumie sabuni.

• Tupa majani ya nje ya kabeji na umenye matango.

• Badilisha mboga na mahali unaponunua, ili usile dawa ile ile kila siku.

• Ukiwa na kishamba chako, soma kibandiko na uheshimu siku za kungoja.

Mtu aliyekula mboga au kushika dawa akianza kutokwa na mate na jasho jingi, kutapika, au kupumua kwa shida, mpeleke hospitalini mara moja. Kama chupa ya dawa ipo, ibebe ili daktari ajue ni sumu gani.