Chakula cha Sherehe na Maneno Yake

Nataka kuwaeleza somo moja la Kiswahili ambalo sisi wa Kidato cha Nne tulijifunza kwa masikio na kwa ulimi pia.

Tulikuwa tukisoma habari za maneno ya kukopa. Mwalimu wetu alituagiza kwamba, tutokapo likizo, kila mmoja alete vitu vya kupikia chakula cha sherehe cha kwao. Wa Kyela na Mbarali walileta mchele wa pilau. Sisi wa Iringa tulileta unga wa mahindi, na kuku tukanunua hapa Mbeya. Mwenzetu wa Tukuyu alileta ndizi za kupika, ambazo Wanyakyusa huziita mbalaga. Baadhi yetu tulicheka tukasema, "Hicho ni chakula cha shamba, si cha sherehe!" Mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka. Mwenzetu alinyamaza, akaketi nyuma kabisa, wala hakutaka kuonja kitu.

Mwalimu hakutukaripia. Yeye alikuwa amepika wali wa Indonesia uitwao tumpeng. Wali huo hupikwa kwa tui la nazi na manjano, husimamishwa kama mlima uliochongoka, na vitoweo huzungushwa chini yake. Siku ya sherehe ncha yake hukatwa, akapewa mtu anayeheshimiwa kuliko wote waliopo.

Alichagua nchi hiyo kwa sababu nayo, kama yetu, ina lugha moja inayounganisha makabila mengi. Vijana wake waliapa kuienzi lugha hiyo mwaka 1928. Akaandika ubaoni maneno ya Kiindonesia: bendera, meja, dunia, kabar. Tuliyatambua yote! Bendera na meza, sisi na wao tuliyapata kwa Wareno; dunia na habari, kwa Waarabu.

Kisha akauliza, "Katika vyakula hivi, kipi ni mgeni?" Tukajibu kwa sauti moja, "Tumpeng!"

Hapo akatueleza kwamba jina la pilau limetoka Uajemi na Bara Hindi. Mahindi asili yake ni Amerika, nayo hayakujulikana Afrika kabla ya mwaka 1492. Ndizi nazo asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, pande zile zile za Indonesia, lakini zilivuka bahari zamani sana kabla ya mahindi. Basi ule ugali niliojivunia ulikuwa mgeni kuliko ndizi nilizozicheka.

Nilifahamu siku ile kwamba chakula huwa chetu kwa kulimwa, kupikwa na kuandaliwa wageni, kama vile neno linavyokuwa letu kwa kutumiwa kila siku.

Mwalimu akakata ncha ya ule wali, akauliza apewe nani. Nilisimama, nikampelekea mwenzetu kule nyuma, nikamwomba radhi mbele ya wote. Naye akanipakulia ndizi zake. Zilikuwa tamu, nami nikaomba tena.