Afisa Mpya: Jeshi la Kudumu au Jeshi la Akiba?

Jamaa nyingi za Kongo zimehamia Marekani katika miaka hii, na baadhi ya watoto wao wamefika chuo kikuu. Huko hukuta mafunzo ya uafisa yaitwayo ROTC, yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1916. Kijana aliye raia wa Marekani akiyamaliza pamoja na masomo yake, huapishwa kuwa luteni wa pili. Lakini kabla ya kiapo hutakiwa kusema matakwa yake: je, atumike jeshini kila siku, au katika jeshi la akiba? Neno la mwisho ni la wakuu. Hata hivyo matakwa yake yana uzito.

Wazazi wengi hujibu upesi: “Mwanangu, shika akiba.” Twawaelewa. Mtu aliyekimbia vita vya Kivu hapendi kumwona mtoto wake amevaa nguo za askari. Tena, kutumika Jumamosi na Jumapili moja kwa mwezi, pamoja na majuma mawili kwa mwaka, huonekana kuwa mzigo mwepesi.

Basi, wazazi wapenzi, tusidanganyike. Akiba si maficho. Baada ya tarehe 11 Septemba 2001, askari wengi wa akiba waliitwa kwenda Iraki na Afghanistani, wakaacha kazi na nyumba zao kwa miezi mingi. Sheria ya mwaka 1994 humlinda askari wa namna hiyo asipoteze kazi yake ya kiraia. Ni sheria njema. Lakini humtunzia kiti chake kazini tu, haimlelei watoto.

Tutazame pia mahesabu. Kwa kawaida kila afisa mpya hufungwa na ahadi ya miaka 8. Aliyesomeshwa kwa fedha za jeshi, akichagua kazi ya kila siku, mara nyingi hutumika miaka 4, kisha huandikwa katika akiba kwa miaka iliyobaki. Mwaka 2025, mshahara wa luteni mpya wa kudumu ulikuwa karibu dola 4,000 kwa mwezi, mbali na posho ya nyumba na matibabu ya bure. Mwenzake wa akiba huhesabiwa siku zile mbili kama siku nne, akapata karibu dola 533. Fedha hizo haziwezi kulisha nyumba. Sharti awe na kazi nyingine. Hata pensheni hutofautiana: wa kudumu huipata mara amalizapo miaka 20, bali wa akiba, akiisha kutimiza miaka yake, kwa kawaida hungoja umri wa miaka 60.

Hali kadhalika kuna ujuzi. Luteni wa kudumu huongoza askari wake, labda thelathini au arobaini, siku kwa siku. Wa akiba huwaona mara chache, naye lazima ajifunze uongozi katika muda mfupi.

Je, akiba haina faida? Inayo, tena kubwa. Wa kudumu hupelekwa popote atakiwapo, na baada ya miaka michache huhamishwa tena. Wa akiba hukaa karibu na jamaa yake, akaanza kazi ya uuguzi, ualimu au uhandisi. Katika nyumba nyingi za wahamiaji, mtoto wa kwanza ndiye amfasiriaye mama hospitalini, ndiye asaidiaye kulipa kodi ya nyumba na karo za wadogo zake. Akiondoka, nani atashika nafasi yake? Lakini naye ajihadhari, maana mshika mawili moja humponyoka.

Tena lijulikane neno hili: kutoka jeshi la kudumu kuingia akiba ni rahisi kuliko kurudi kwa njia hiyo hiyo, kwa kuwa nafasi za kudumu hutegemea mahitaji ya jeshi.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Kijana na aketi na wazazi wake, waulizane: nani anamtegemea sasa? Je, iko kazi ya kiraia inayomngojea? Naye mwenyewe aipenda kazi ya jeshi, au apenda mavazi yake tu? Wazazi watoe mawazo yao waziwazi, kisha wamwachie aamue, maana kiapo atakiapa yeye peke yake. Na lolote achagualo, jamaa nzima ijiandae kwa siku atakayoitwa.