Mifupa Mitatu ya Sikio: Kwa Nini Usaha wa Sikio la Mtoto Usipuuzwe

Wanawake wa Kigogo wapigapo ngoma ya muheme, iwe wilayani Mpwapwa au kwingineko mkoani Dodoma, ngozi ya ngoma hutikisika na kuitikisa hewa inayoizunguka. Mitikisiko hiyo husafiri hadi sikioni na kugonga ngozi nyingine iliyo nyembamba zaidi, yaani kiwambo cha sikio. Hapo ndipo inapoanza kazi ya mifupa midogo kuliko yote mwilini.

Mifupa hiyo ni mitatu, nayo imepewa majina kutokana na maumbo yake: nyundo, fuawe na kikuku. Nyundo imeshikamana na kiwambo, fuawe iko katikati, na kikuku, chenye urefu wa takribani milimita 3 tu, huegemea dirisha dogo la sikio la ndani.

Sikio la ndani limejaa majimaji. Sauti itokayo hewani ikikutana na majimaji moja kwa moja, karibu nguvu yake yote hurudishwa ilikotoka. Mifupa hii huondoa kikwazo hicho kwa kuchukua msukumo wa kiwambo kipana na kuuelekeza kwenye dirisha lililo dogo kwa takribani mara 17. Kwa kuwa hufanya kazi pia kama wenzo, msukumo huongezeka kwa zaidi ya mara 20. Majimaji yakitikisika, seli zenye vinyweleo huamka na neva hupeleka taarifa ubongoni.

Mnyororo huo huweza kukatika mapema maishani. Kwa mtoto, mrija unaounganisha sikio la kati na nyuma ya pua ni mfupi na umelala zaidi, hivyo vijidudu vya mafua hufika sikioni kwa urahisi. Usaha ukidumu huweza kutoboa kiwambo na kula mifupa, hasa fuawe. Mtoto wa namna hiyo darasani huonekana mtukutu au mzito wa kuelewa, kumbe hamsikii mwalimu.

Usaha unaotoka kwa siku 14 au zaidi huhesabiwa kuwa ugonjwa sugu. Mzazi hapaswi kusubiri muda huo ufike, bali ampeleke mtoto zahanati au kituo cha afya mara dalili zinapoonekana. Mafuta, dawa za mitishamba, njiti na pamba za vijiti visiingizwe sikioni.

Mifupa iliyoharibika mara nyingi hurekebishwa kwa upasuaji. Seli za sikio la ndani zikifa hazioti tena. Kwa baadhi ya waliozipoteza, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya usikivu. Hata hivyo, tiba ya usaha ikianza mapema, watoto wengi hawatafikia hatua ya kuhitaji upasuaji.