Kompyuta za Mwaka wa Nne

Maandiko ya kuomba kompyuta za shule yana sentensi moja inayojirudia karibu kila mahali: "Shule yetu inakabiliwa na uhaba mkubwa wa vifaa vya TEHAMA, hivyo tunaomba kompyuta 40." Anayeisoma ofisini kwa mfadhili hana cha kubisha. Uhaba upo na anaujua. Ila sentensi hiyo haimwambii kwa nini aichague shule hii na kuiacha iliyo chini yake kwenye rundo la mafaili. Tena inamfanya ashuku kwamba, kwa waandishi, kushusha maboksi kwenye gari ndio mwisho wa mradi. Yeye anawaza mwaka wa nne. Fedha zake zimekwisha, picha za makabidhiano zimeshapauka ukutani. Nani anaingia kwenye kile chumba, anafanya nini humo, na umeme wa luku ananunua nani?

Wasiwasi huo una historia. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte alitangaza mpango wa One Laptop per Child, kila mtoto na kompyuta yake ya bei nafuu. Peru ikawa mteja mkubwa kuliko wote, ikagawa zaidi ya mashine laki nane. Watafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika wakazifuatilia shule 319, nyingi za vijijini, na matokeo yao yakatoka mwaka 2012. Kompyuta zilikuwa zimefika kweli, na watoto walizitumia zaidi kuliko wenzao wasiokuwa nazo. Lakini kwenye hisabati na lugha hawakuonekana kuwazidi wenzao hao. Tangu hapo, mfadhili aliyesoma habari hizo haulizi tena idadi ya mashine kwa kila mtoto. Anauliza somo gani, mwalimu yupi, saa ngapi kwa wiki.

Kenya nayo iliahidi kompyuta mpakato kwa darasa la kwanza mwaka 2013. Mambo yakakwama kwenye zabuni, na ilipofika 2016 ahadi ikageuka kuwa vishikwambi. Kabla ya kuvigawa, serikali ilihakikisha umeme unafika kwenye shule za msingi zaidi ya 20,000. Ukiniuliza mimi, umeme huo una faida ndefu kuliko vishikwambi vyenyewe, kwa sababu kishikwambi huzeeka na nyaya zikabaki.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Tanga. Kuanzia mwishoni mwa 2017, shindano la Global Learning XPRIZE liliwapa vishikwambi watoto karibu 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa huo. Wengi wao hawakuwahi kukanyaga shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma kabisa ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwaka 2019 zawadi kuu ya dola milioni 10 wakagawana Kitkit School na onebillion. Tazama vilivyokuwapo pale: masomo yalikuwa kwa Kiswahili, vijijini kulikuwa na vituo vya kuchaji kwa umeme wa jua, na kila kituo kilikuwa na mtu wa kukisimamia. Nusu iliyobaki bila kusoma si ndogo, na andiko linalothubutu kuitaja nusu hiyo huaminika kuliko linaloahidi kufuta ujinga kata nzima.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika neno "kompyuta", liandike tatizo ambalo lingekuwapo hata kama kompyuta hazijavumbuliwa. Kidato cha pili wanafeli kemia kwa sababu hakuna maabara. Shule ina mwalimu mmoja wa fizikia kwa mikondo sita. Maktaba haipo. Takwimu za kuthibitisha hayo hazihitaji mtaalamu mwelekezi. Ziko kwenye kabati la mwalimu wa taaluma: matokeo ya miaka mitatu, daftari la mahudhurio, idadi ya walimu kwa somo. Chukua namba moja au mbili tu, useme ziko wapi leo na unataka zifike wapi baada ya miaka miwili. Hiyo ndiyo hali ya mwanzo na hicho ndicho kiashiria, na bango kitita lote linalowatoa watu jasho kwenye semina ni kuyapanga hayo kwenye jedwali. Usiahidi ufaulu kupanda kutoka asilimia 30 hadi 90. Anayesoma amewahi kuwa mwalimu, au ameoa mwalimu.

Sasa bajeti. Wasomaji wazoefu wengi huifungua kabla ya utangulizi, na wana haki. Utangulizi unaweza kuazimwa kutoka kwenye andiko la jirani. Bajeti ndiyo inayoonyesha kama mmekaa chini mkafikiri. Tuchukue shule ya sekondari ya kufikirika yenye wanafunzi 500 na inayotaka mashine 20. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake tuiwekee wati 120. Zikiwashwa zote saa tano kwa siku, zinakula uniti 12. Uniti moja tuseme ni shilingi 350, na mwaka wa masomo una siku 194. Jumla ni shilingi 814,800 kwa mwaka, umeme mtupu. Ruzuku ya uendeshaji ya sekondari za serikali Tanzania ilipangwa kuwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake huja kama vitabu, si fedha. Maana yake chumba hicho kimemeza ruzuku nzima ya wanafunzi 32 kabla hakijanunua hata kipanya kipya. Sasa weka kompyuta mpakato za wati 30 kila moja: uniti tatu kwa siku, shilingi 203,700 kwa mwaka. Kama shule inategemea umeme wa jua, tofauti ni kubwa zaidi. Mashine za mezani zitadai paneli za zaidi ya kilowati tatu, za mpakato hazifiki kilowati moja. Aya fupi yenye hesabu hiyo inafanya kazi kuliko kurasa nne za umuhimu wa teknolojia katika karne ya 21.

Umeme wenyewe ni gharama ndogo ukiulinganisha na uchakavu. Kompyuta mpakato 20 za shilingi 900,000 kila moja ni milioni 18. Zikidumu miaka mitano, shule inatakiwa kuweka akiba ya milioni 3.6 kila mwaka ili iwe na mashine mwaka wa sita. Karibu hakuna shule ya kata inayoweza, na si aibu kulisema hilo kwenye andiko. Ni bora kuandika kwamba mtabadilisha mashine nne kwa mwaka kwa fedha za chanzo fulani, au kwamba mnaomba mashine 10 tu kwa sababu ndizo mnazoweza kuzitunza. Betri za umeme wa jua za aina ya risasi na asidi, hasa kwenye joto la pwani, huanza kuchoka baada ya miaka mitatu au minne, nazo ziwe na mstari wao.

Chanzo gani? Hapa ndipo maandiko mengi huteleza kwa kuandika "wazazi watachangia". Tangu Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulioleta elimu bila malipo, shule ya serikali Tanzania haiwezi kuwatoza wazazi michango ya lazima. Mchango wa hiari unawezekana, lakini uambatishe muhtasari wa kikao cha wazazi walioukubali na kibali cha mamlaka husika. Njia nyingine ni chumba kutoa huduma Jumamosi: kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, maombi ya ajira, kuchapa barua. Kazi hizo wanakijiji huzifuata mjini kwenye maduka ya steshenari na kulipa nauli juu yake. Mapato yapite kwenye akaunti ya shule na yaonekane vitabuni, la sivyo mkaguzi atakuja kuuliza na mfadhili atasikia.

Kuna jambo dogo ambalo huua miradi kuliko wizi na virusi: uhamisho. Mwalimu mmoja kijana anapenda kompyuta, ndiye aliyeandika andiko, ndiye anayejua nywila. Mwaka wa pili anahamishiwa wilaya nyingine, na chumba kinafungwa siku hiyohiyo. Andiko litaje walimu wanne au watano watakaofunzwa, wa masomo tofauti, na makamu mkuu wa shule awe mmoja wao. Mafunzo yawe ya kufundishia somo, si ya kuandika barua na kupanga jedwali tu. Na yapewe fedha za kutosha. Nikiona milioni 40 za vifaa na laki nne za mafunzo, naweza kukisia hali ya chumba hicho baada ya miezi michache.

Kuhusu intaneti, shule nyingi huiombea fedha kwa mazoea. Kuna programu za bure zinazofanya kazi bila mtandao. Kolibri hukusanya masomo na mazoezi, Kiwix huhifadhi Wikipedia nzima, ya Kiswahili ikiwamo. Zote mbili zinaweza kukaa kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, inayotumia wati chache tu, na wanafunzi wakazisoma kwa mawimbi ya ndani ya darasa. Hata programu zilizoshindana Tanga ziliachiwa wazi kwa yeyote kuzitumia. Wakati mwingine projekta mbili na seva ndogo ya namna hiyo huwafikia wanafunzi wengi kuliko chumba cha mashine 40 kinachofunguliwa mara moja kwa wiki. Na ombi dogo huwa na washindani wachache.

Neno kuhusu kompyuta kuukuu za kutoka Ulaya. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ofisi nyingi huko zinaondoa mashine zisizoweza kupokea toleo jipya. Zitaletwa kwetu kama msaada. Si kwamba hazifai, kwani zikiwekewa Linux zinaweza kutumika miaka kadhaa. Ila andiko liseme nani ataiweka, nani anaijua, na nani atalipa usafiri na bandari. Kama hakuna jibu, kataeni kwa adabu.

Kila mfuko una lugha yake, na kupeleka andiko lilelile kila mahali ni kupoteza karatasi. Mamlaka ya Elimu Tanzania inasimamia Mfuko wa Elimu chini ya sheria ya mwaka 2001, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, wa sheria ya 2006, umekuwa ukizipa shule za umma kompyuta. Huko mlango ni halmashauri, hivyo barua ya mkurugenzi ni ya lazima kama andiko lenyewe. Rotary, kwa ruzuku zake kubwa za kimataifa, haianzi chini ya bajeti ya dola 30,000. Inataka klabu ya nchini na klabu ya nje zishirikiane, na inadai tathmini ya mahitaji iliyoishirikisha jamii yenyewe. Vifaa vitupu bila mafunzo ya walimu haviipendezi. Ubalozi wa Japani una msaada wake wa miradi ya jamii, lakini mishahara na gharama za uendeshaji haulipii. Ukiziweka humo, umeonyesha kwamba hukusoma mwongozo.

Picha nazo zina sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019. Picha ya mtoto mwenye sare iliyochanika, jina lake chini, bila idhini ya mzazi, siku hizi inaweza kuwakosesha fedha. Zaidi ya sheria, haileti heshima. Piga picha chumba mnachokusudia kukitumia, ionekane milango yake, nondo za madirisha na dari. Mfadhili atataka kujua kama mvua inapita.

Siku hizi maandiko mengi huandikwa kwa akili mnemba, na anayesoma hutambua kwa haraka, kwa kuwa shule kumi za mikoa mitano zinakuja na aya moja. Itumieni kusahihisha Kiingereza kama mfuko unataka Kiingereza. Lakini jina la kijiji, umbali kutoka nguzo ya umeme, na idadi ya meza zilizopo haiwezi kuvijua. Hivyo mtavihesabu wenyewe.

Jibu likiwa hapana, pigeni simu au andikeni barua fupi ya kuomba maoni ya waliosoma. Baadhi ya mifuko hutoa. Mengi ya yaliyomo kwenye andiko lililokataliwa bado ni mali: hesabu za umeme, muhtasari wa kikao, orodha ya walimu, takwimu za mwalimu wa taaluma. Ankara kifani za wauzaji ndizo zisizodumu. Huwa na tarehe ya kuisha, na bei ya vifaa hufuata dola, hivyo ziombwe upya kutoka kwa wauzaji watatu kabla andiko halijapelekwa kwa mfuko mwingine.